Muulize mtaalamu kilichokufa

Ukimkaribisha mtaalamu wa mazingira studioni na kuanza kwa kumuuliza mabadiliko ya tabianchi ni nini, umejipalia makaa. Atakupeleka Ulaya ya viwanda, atarudi kupitia ncha za dunia, na atakapofika Pwani ya Kenya muziki wa kufungia kipindi unapigwa. Nayajua haya kwa sababu kwa miaka mingi nimeendesha kipindi cha mazingira katika redio ya kijamii huku Kwale. Wamepita mbele ya maikrofoni yangu watafiti wa mikoko na wa matumbawe, maafisa wa misitu, wanasheria wa kaboni, akina mama wa mwani na wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Wasikilizaji wetu wengi ni wavuvi na wakulima wadogo, na hawana subira na mtu anayezunguka mbuyu. Anayezunguka utamjua kwa simu: hazipigwi kabisa.

Swali linalonisaidia kuliko yote si langu. Nililipata kwa mzee mmoja wa upande wa Gazi, mkata boriti wa zamani, siku tuliyokuwa na mgeni aliyekuja kutangaza kampeni ya kupanda mikoko. Mgeni alikuwa na takwimu nzuri: miche maelfu kwa maelfu, wanafunzi wa shule kadhaa, picha za viongozi wameshika majembe. Mzee akapiga simu. Akasalimia kwanza, akaulizia hali za watu wa nyumbani kwangu, ndipo akasema, "Mwanangu, niulizie huyo bwana. Iliyokufa ni mingapi?"

Mgeni alicheka, akanywa maji, akasema tathmini bado inaendelea.

Tangu hapo kila mtaalamu anayepita kwangu huulizwa alichoona kikifa. Wapo wanaokasirika. Lakini mtafiti wa kweli, aliyekaa topeni miaka, uso wake huchangamka ukimuuliza hivyo, kwa sababu ndilo jambo alilolifikiria usiku na hakuna mwandishi aliyewahi kumuuliza. Mmoja wao alitumia kipindi kizima kutueleza kwa nini miche hufa, na mpaka leo watu hunisimamisha sokoni kunikumbusha kipindi kile.

Alianza na mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojitanda juu ya maji. Mbegu yake huota ingali mtini. Huning'inia pale, ndefu, ya kijani, hadi ianguke, na mtu akiiokota anaichomeka tu kwenye tope na kazi imekwisha. Haihitaji kitalu, mfuko wala kumwagiliwa. Kwa sababu ya wepesi huo kila mwenye kampeni hupanda mkoko, na huupanda panapofikika kwa urahisi, yaani mbele kabisa, kwenye tope tupu linalotazama bahari. Pale si pake. Mbele hukaa mlilana, mti mwingine wa jamii ya mikoko. Mkoko hufuata nyuma yake, kisha muia, kisha mkandaa, na mchu unakubali pande zote mbili, baharini na nchi kavu. Ukiupeleka mkoko nafasi ya mlilana, maji yanaufunika muda mrefu mno, mawimbi yanaung'oa, na vidudu vya magamba vinaligandama shina changa mpaka linalemewa na kuinama. Kwenye picha za siku ya kupanda huoni lolote kati ya hayo.

Akatupa mfano wa Ufilipino. Huko walipanda mikoko kwa miongo kadhaa na kwa fedha nyingi sana, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ikaonyesha kuwa iliyodumu kwa jumla ni kati ya asilimia 10 na 20. Sababu mojawapo ndiyo iliyonikaa rohoni. Mahali ambapo mikoko ingeshika, palipokuwa na msitu zamani, palikuwa pamegeuzwa mabwawa ya kufugia samaki na pana wenyewe. Pasipo mwenyewe ni kule mbele kwenye tope na mchanga, basi wakapanda huko. Kumbe miti ilikufa kwa ajili ya hati za ardhi! Hilo lilimfanya kila mvuvi mwenye simu aelewe, maana habari ya kusukumwa pembeni kwa sababu pazuri pana mwenyewe haihitaji maelezo hapa Pwani.

Kipindi kingine kilichowaka kilihusu Mwache, ile hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ya upande wa juu wa bandari ya Mombasa. Swali lilikuwa lile lile, na jibu likawa kwamba mikoko ya Mwache haikufa kwa shoka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliporomosha udongo kutoka nchi ya juu, mto ukaubeba hadi kwenye mikoko, na udongo ukaifukia ile mizizi inayochomoza kupumua. Miti ikafia imesimama, eneo kubwa. Mkulima mmoja wa Kinango akapiga, sauti imepanda kidogo: "Kwa hiyo daktari, mikoko ya Mombasa imeuawa na jembe langu?" Daktari, yaani mtafiti mgeni wetu, akamjibu kwa upole kwamba ni jembe lake, na ng'ombe wa jirani yake, na barabara iliyochongwa bila mitaro, na mvua ambayo hakuna kati yetu aliyeiita. Kisha wakaanza kuzungumza wao wawili kuhusu matuta na mahali pa kuacha nyasi kando ya mto, nami nikanyamaza. Mtangazaji kunyamaza hewani ni kazi ngumu, sikufundishwa mahali popote, ila nimeona faida yake.

Lakini swali lililonitesa kwa muda mrefu lilikuwa la hewa. Gazi na kijiji jirani cha Makongeni wana mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza kaboni mwaka 2013, na ndio watu wa kwanza hapa kwetu kujulikana duniani kwa jambo hilo. Msitu wanaoutunza kwa ajili ya mauzo ni hekta 117, na kinachouzwa ni kama tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Fedha zake huingia katika maji ya bomba, vitabu vya shule na mahitaji mengine yanayojadiliwa barazani. Hayo yote nimeyasema redioni hadi nimechoka, na kila nikiyasema simu inakuja: "Dada, hewa inauzwaje? Inawekwa kwenye nini?" Wataalamu walijibu kwa maneno mengi. Nilikuwa naitikia "naam, naam" huku najua msikilizaji ameachwa njiani, na mimi pia.

Basi tukatoka studio. Mtafiti mmoja alikubali tumfuate ndani ya mikoko maji yakiwa yametoka, pamoja na yule mzee mkata boriti aliyeniletea swali langu. Mtafiti alibeba chombo cha chuma, bomba refu lililopasuliwa upande mmoja, lenye mpini wa kukingama juu. Alilisimamisha, akalikandamiza kwa uzito wa mwili wote, likazama taratibu mpaka mpini ukagusa tope. Akalizungusha, akalivuta. Lilitoka kwa mlio wa kunyonya, na harufu ikatupiga, ile ya yai viza ambayo kila mchimba chambo anaijua.

Akalilaza juu ya mizizi. Ndani ya ule mfereji lilikuwapo tope zima zima, urefu wa mita, jeusi la kijivu, na katikati yake vinyuzi vya mizizi vilivyokufa zamani sana, vingine vyekundu bado. Mtafiti akavuta kimoja kwa kidole na kucha. Hakikukatika. Akamwambia mzee, "Huu mzizi huenda ulikufa kabla ya babu yako kuzaliwa. Kwa nini haujaoza?" Mzee akafikiri, akasema, "Humu hamna hewa." Ndiyo jibu lenyewe. Shambani jani likianguka, vijidudu vinalila kwa msaada wa hewa na ukaa unarudi angani baada ya muda mfupi. Topeni humu hewa haipenyi, kinachozama kinakaa, na juu yake kinazama kingine, karne kwa karne. Kwa hiyo shehena kubwa haiko kwenye miti tunayoiona. Utafiti uliotolewa mwaka 2011, uliopima mikoko ya ukanda wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, ulipata wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa hekta, na sehemu kubwa yake ilikuwa udongoni. Ukifyeka, tope linafunguka, jua na hewa vinaingia, na akiba ile inaanza kutoka. Anayenunua kaboni ya Gazi kwa hakika analipia tope lisifunuliwe, na miti iendelee kuliongeza.

"Kumbe nimelikanyaga miaka yote," mzee akasema, "na lina bei."

Sauti ile, pamoja na mlio wa bomba likitoka, ndiyo tuliyoirusha hewani. Simu za "inawekwa kwenye nini" zilipungua sana.

Siku hiyo hiyo mafunzo yaligeuka upande. Mtafiti alikuwa akipima miti kwa utepe, anazungusha shina, anamtajia msaidizi sentimita. Mzee alikuwa anamfuata nyuma, anaushika mti kwa kiganja na kutaja jina: pau, mazio, boriti, boriti, nguzo. Kuanzia fito nyembamba hadi nguzo na vigingi, wakataji wa pwani hii, tangu Lamu hadi Vanga, wana majina kwa kila unene, kwa sababu kila unene ulikuwa na bei yake na kazi yake. Boriti ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, na ndizo zilizopakiwa majahazini kwenda Arabuni hadi Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. (Ukiingia nyumba ya zamani ya Lamu ukashangaa vyumba vyembamba na virefu, shauri la boriti hilo, upana wa chumba ulifuata urefu wa mti.) Mtafiti akaanza kulinganisha majina ya mzee na sentimita zake. Zililingana kuliko nilivyotarajia. Akamuuliza miti ya unene gani ilikuwapo hapo zamani na ilikwisha lini, na mzee akamwonyesha mahali palipofyekwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda vya chokaa na matofali, pakabaki pamekufa, bila hata mche kujiotea. Hapo ndipo watafiti akina James Kairo wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walipoanza majaribio ya kupanda mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mzee alikuwa na ramani kichwani ya msitu ambao hakuna aliyeupima.

Baada ya hapo nilianza kuwa mkali kidogo na mialiko ya hotelini. Naheshimu warsha, posho ya mtu si ya kuchezea. Ila katika ukumbi wenye kiyoyozi na chupa ya plastiki mbele ya kila kiti, mtaalamu husema alichokiandika kwenye slaidi, na mwanakijiji husema anachodhani mtaalamu anataka kusikia. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, nikarudi na rekodi ndefu isiyo na sekunde thelathini za kurusha.

Kuna na hili la nyuzi moja na nusu. Tangu Mkataba wa Paris wa 2015 tunaambiwa joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, na msikilizaji wa Kwale, anayejua tofauti ya asubuhi na adhuhuri ni nyuzi saba au nane, anajiuliza wazungu wanaogopa nini. Aliyenisaidia ni mtaalamu wa matumbawe. Hakusema habari za dunia nzima hata kidogo. Alisema: chukua mwezi wa joto kuliko yote wa bahari yetu, mwishoni mwa kaskazi. Ongeza nyuzi moja tu juu ya kilele cha kawaida, na iache ikae wiki kadhaa. Matumbawe yanatapika vile vijimea vinavyoishi ndani yake na kuyapa rangi na chakula, yanakuwa meupe, na yasipopoa mapema yanakufa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998. Wavuvi wa Shimoni na Wasini waliokuwa wakizamia wakati ule wakaanza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine, kusimulia walivyokuta mwamba wote mweupe na hawakujua waseme nini kwa wenzao. Miaka yote hiyo walikuwa nayo kifuani. Hakuna aliyewauliza.

Kwa mwani mambo yalikuwa hivyo hivyo, ila akina mama walimtangulia mtaalamu. Zanzibar, ambako kilimo cha mwani kimekuwa cha biashara tangu mwaka 1989, kotoni, aina ya mwani yenye bei nzuri, ilianza kufa miaka ya 2000 na wakulima wakabaki na spinosam, inayovumilia zaidi na kulipwa kidogo. Mama mmoja wa Kibuyuni, huku kwetu, alinieleza kwamba mwani ukitaka kufa unaugusa na unausikia umekuwa mlaini, kisha unapata ncha nyeupe, kisha unakatika wenyewe kwenye kamba. Aliyajua hayo kwa vidole kabla ya mtu yeyote kuja na kipimajoto. Mtaalamu aliyefuata akapendekeza kwamba mashamba yahamishiwe maji ya kina, yaliyo baridi zaidi. Ni ushauri sahihi, umejaribiwa Zanzibar. Mama akamuuliza, "Mwanangu, nani atanifundisha kuogelea?" Wengi wao hawajui, nguo zao si za kuogelea, mashua hawana, na ndiyo maana walichagua kazi ya maji ya magotini wakati wa bamvua. Nilipenda mtaalamu yule hakujitetea. Alisema swali hilo lingetangulia, na tukaligeuza kuwa kipindi cha wiki iliyofuata: mashua ya kikundi inagharimu kiasi gani, na nani anaikopesha.

Nilipomleta mzee wa kaya akae na mwanasayansi mezani, nilikuwa na matumaini makubwa. Kaya za Mijikenda ziliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, na Kaya Kinondo haiko mbali na Gazi. Nikadhani nitapata mazungumzo matamu ya elimu mbili. Mzee alijibu nusu ya maswali. Nusu nyingine alisema, "Hayo si ya redioni," na akanyamaza bila kuona haya. Mwanasayansi alijaribu kumsifia kwamba makatazo ya kaya yametunza mimea ambayo nje yake imekwisha. Mzee akamwambia sifa azipeleke kwa waliokufa, kwa sababu vijana wa sasa hawaogopi kaya, wanaogopa askari wa misitu, na askari hulala. Sijui wasikilizaji walichukua nini kipindi kile. Mimi nilichukua kwamba mtu anaweza kuwa mjuzi kupita wote chumbani na asiwe na haja ya kunifundisha, na kipindi hakina budi kuvumilia hilo.

Siku hizi mazungumzo yamehamia kwenye pesa na sheria, na naona ndiko yanakostahili kukaa kwa muda. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu ilipotangazwa hivyo mwaka 1932; wanakijiji wanautunza kwa makubaliano, si kwa hati. Gazi wameonyesha njia, Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata mwaka 2019 kwa msitu mkubwa zaidi, na kila mwenye hori nyuma ya nyumba sasa anatembelewa na watu wenye kompyuta. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023 ikaagiza kwamba katika miradi ya kaboni ya ardhini jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, chini ya mkataba wa maandishi. Kisha kanuni za 2024 zikaja na maneno machache: baada ya kutoa gharama za kuendesha shughuli.

Mwanasheria tuliyemwalika alianza na historia ya mikataba ya kimataifa. Nikamkata. Nikamuuliza asilimia 40 ya nini, na nani anaandika orodha ya gharama. Akatulia, akasema hapo ndipo penyewe: kijiji kisikubali kutia saini kabla orodha hiyo haijaambatanishwa kwenye mkataba, kila kitu na kiwango chake cha juu, na kiwe na haki ya kuleta mkaguzi wake. Alitaja gharama za kawaida: kupima msitu, kuthibitisha takwimu, ada za usajili, mishahara, safari.

Mama mmoja akapiga kutoka Vanga. "Hizo safari," akauliza, "ni pamoja na petroli ya gari linalomleta mtaalamu kuja kutuambia tumepata kiasi gani?"

"Ni pamoja nayo," mwanasheria akajibu. "Kwa hiyo andikeni atakuja mara ngapi kwa mwaka."